Namna ya Kuihesabu Barabara ya Mtaani Kwako kwa Watu, Si kwa Magari

Jijini Dar es Salaam mzunguko wa barabara huitwa kipilefti, neno lililotokana na amri aliyopewa dereva ya kushika kushoto. Mwenda kwa miguu anayevuka hapo hapo akiwa na mtoto mgongoni hakupewa neno lake. Ndivyo ilivyo pia redioni: ikitangazwa kwamba barabara ya Morogoro ni nyeupe, maana yake ni kwamba magari yanapita, hata kama kituoni wamejaa watu wanaogombea daladala. Anayehesabu magari hujenga kwa ajili ya magari, na kwa hiyo mwananchi anayetaka barabara ya mtaani kwake ibadilike hana budi kuanza na hesabu yake mwenyewe. Kazi hii inahitaji daftari, kalamu, simu yenye saa, futi kamba na asubuhi mbili.

Chagua kipande kifupi cha barabara, kama mita 200 hivi, ambacho watu wana sababu ya kukivuka: shule, soko, zahanati au kituo cha daladala. Simama hapo kuanzia saa moja hadi saa mbili asubuhi. Chora safu za waenda kwa miguu, baiskeli na mikokoteni, bodaboda na bajaji, magari binafsi, na daladala. Kosa la kawaida ni kuandika chombo kimoja kimoja, ilhali tunachotafuta ni idadi ya watu. Kwa daladala, hesabu kwanza abiria wa gari moja lililosimama kituoni, kisha utumie idadi hiyo kukadiria yanayofuata. Tuseme katika dakika kumi yamepita magari binafsi 100, kila moja likiwa na wastani wa mtu mmoja na nusu, pamoja na daladala 12 zenye abiria 30 kila moja. Ukihesabu vyombo, daladala ni kama asilimia 11 tu. Ukihesabu watu, daladala zimebeba 360 na magari binafsi 150, na hapo bado hujamtia mtu hata mmoja anayetembea.

Asubuhi ya pili ni ya kuvuka, na hapa usiharakishe. Pima upana wa barabara pembeni, mahali palipo salama, kwa kupima njia moja ya magari na kuzidisha kwa idadi ya njia. Njia nne za mita 3.5 ni mita 14. Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo atahitaji sekunde 12 hivi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo kwenye makazi, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Maana yake ni kwamba mvukaji anahitaji mwanya wa karibu mita 170 usio na gari hata moja. Bibi anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji zaidi ya mita 240, na mwanya wa namna hiyo asubuhi haupo. Nimewahi kumtazama mama mmoja mwenye ndoo ya vitumbua akisimama kwenye ukingo, akishusha mguu na kuurudisha, akishusha na kuurudisha, mpaka mwendesha bodaboda mmoja alipolaza pikipiki yake katikati ya njia kuwazuia wengine. Andika muda ambao watu kumi tofauti wamesubiri kabla ya kuvuka. Takwimu hiyo peke yake ina uzito kuliko kurasa tatu za malalamiko.

Kama pana daraja la juu la waenda kwa miguu, hesabu ngazi zake na upime muda wa kuvukia juu na wa kuvukia chini. Daraja la namna hii husifiwa kuwa limewajali wanaotembea, lakini kwa kweli limejengwa ili dereva asipunguze mwendo, na mwenye magongo ndiye anayelipa gharama.

Kagua pia njia ya miguu: mifuniko ya mtaro iliyopotea, nguzo za umeme zilizosimikwa katikati, magari yaliyoegeshwa juu yake. Nafasi ya gari moja, mita 5 kwa 2.5, ni mita za mraba 12.5, kubwa kuliko chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi. Machinga mwenye meza ya mita moja huambiwa amevamia hifadhi ya barabara. Mwenye gari hapo jirani haambiwi kitu.

Hatua ya mwisho ni barua. Uliza kwanza barabara ni ya nani: barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na nyingi za mitaani zipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Peleka nakala ofisi ya serikali ya mtaa na uhakikishe imegongwa muhuri wa kupokelewa. Usiombe barabara ipanuliwe, kwa maana njia ya ziada huwaita barabarani waliokuwa wakiacha magari nyumbani, na foleni hurejea ikiwa pana zaidi. Omba vitu vinavyotajika: tuta pana lenye pundamilia juu yake, kisiwa katikati ili mtu avuke njia mbili, asimame, kisha avuke mbili zilizobaki, nguzo fupi za zege za kuzuia uegeshaji, mifuniko ya mtaro. Wakikujibu kwamba nafasi haitoshi, wakumbushe kwamba tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yamepewa njia zake katikati ya barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea katikati ya jiji. Ambatanisha jedwali lako, siku na saa ulizohesabu. Baada ya miezi sita rudi pale pale, siku ile ile ya wiki na saa ile ile, uhesabu tena.