Kabla ya kuanza dawa za kifua kikuu, andaa na moyo

Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa kwa miezi 6, na katika vituo vya afya vya serikali hutolewa bure. Ndiyo maana familia nyingi za visiwani Lamu, zikijiandaa, huhesabu nauli ya boti na chakula cha mgonjwa basi. Hali ya moyo wake haihesabiwi. Ilhali mgonjwa mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, yumo hatarini zaidi kuziacha dawa katikati, na kuziacha hivyo huweza kuzaa vimelea sugu, visivyouawa tena na dawa hizo.

Kwa hiyo kabla ya kidonge cha kwanza, mweleze daktari kama umewahi kusononeka sana, kama una kifafa, kama unatumia dawa za akili au pombe. Usione haya. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hulifanya ini livunje upesi baadhi ya dawa za akili, zikapungua nguvu mwilini. Na isoniazidi, dawa nyingine ya kifua kikuu, mara chache huweza kuvuruga akili yenyewe. Ulizia pia vitu vya kutisha visivyo na hatari: mkojo utageuka rangi ya machungwa, nao si damu. Ulizia na jodari pia: samaki huyu wetu wa kila siku akikutana na isoniazidi huweza kuleta uso kuwaka, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, mtu akadhani ameingiwa na hofu.

Nyumbani, zungumzeni mapema. Sisi hula sinia moja, na mgonjwa akitengewa sahani na kikombe chake huelewa kwamba ametengwa yeye. Ugonjwa huu hauenezwi na vyombo. Huenda na hewa, mtu anapokohoa. Fungueni madirisha, naye azibe mdomo akikohoa. Wengi wakishameza dawa sawasawa kwa wiki 2 hivi, uwezo wa kuambukiza hushuka sana. Muulizeni daktari lini mgonjwa wenu arudi barazani. Hili naliona kubwa kuliko yote, kwani upweke humvunja mtu aliyekwisha kuanza kupona.

Ramadhani ikikaribia, shauriana na daktari kuhusu saa za kumeza. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, chukueni dawa kabla hazijaisha.

Mchagueni pia mtu mmoja, awe mama, mke au rafiki, wa kumwangalia akimeza na kumuuliza amelalaje. Kukonda na kukosa hamu ya kula huletwa na ugonjwa wenyewe, hivyo sonona hujificha humo. Huzuni, kukosa usingizi au kutojali chochote vikizidi wiki 2, mpelekeni kituoni bila kungoja tarehe ya kliniki. Akitamka kwamba heri afe, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo.