Timu ya manesi wa katheta (mrija) ya mshipa mkubwa wa damu, anzeni hivi

Chagueni manesi wachache wafanye kazi hii kila siku, maana mkono unazoea kwa kurudia. Kuweka: osha mikono, vaa kofia, maski, gauni na glavu stereli (zisizo na vijidudu), mgonjwa afunikwe shuka stereli mwili mzima, paka ngozi klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) yenye spiriti halafu SUBIRI ikauke yenyewe, usipepee. Mshipa utafute kwa ultrasaundi. Kule Michigan, Marekani, ICU (wodi za wagonjwa mahututi) zilianza utaratibu wa namna hii 2004 na maambukizi ya damu yakashuka sana, na nesi aliruhusiwa kumsimamisha daktari akiruka hatua, hiyo ruhusa msiiache jamani.

Kutunza ndo kazi yenyewe. Kabla ya kuchomeka sirinji sugua mdomo wa katheta na spiriti sekunde 15 hivi, tumia sirinji ya 10 ml, salaini (maji ya chumvi) isukume kidogo unasimama kidogo unasukuma. Dresingi (kifuniko cha pale katheta inapoingia) angavu badilisha kila siku 7, ya gozi kila siku 2, ikilowa au kubanduka badilisha hapohapo. Kila asubuhi ulizeni, bado anaihitaji? Kama hapana itolewe leo, mlaze chali, abane pumzi hewa isiingie, kandamiza na gozi mpaka damu ikate.