Somo: Kuandaa faili la kukokotoa J za NMR kwa Gaussian

J ni nguvu ya muunganiko kati ya viini viwili vya atomu, kwa Hz, inayoonekana kwenye spektra za NMR (mwitikio wa viini kwenye sumaku). Gaussian ni programu ya kukokotoa kemia ya molekuli. Tutumie etheni. Ni ndogo, haijikunji, na J zake za maabara zinajulikana: protoni za kaboni moja 2.5 Hz, cis (kaboni tofauti, upande mmoja wa kifungo maradufu) 11.6, trans (pande zinazokabiliana) 19.1. Ukiharibu kitu, namba zitakusema.

Hatua ya 1. Tuliza umbo kwanza kwa Opt Freq: Opt hutafuta umbo lenye nishati ndogo, Freq hukokotoa masafa ya mitetemo yake. Masafa hasi yakitokea, usiendelee.

Hatua ya 2. Andika faili jipya. Vipimo hivi ni vya kukaribia. Weka vyako vya baada ya Opt.

```
%mem=4GB
%nprocshared=4
#p B3LYP/6-311+G(d,p) NMR=(SpinSpin,Mixed)

etheni J

0 1
C  0.0  0.000  0.6695
C  0.0  0.000 -0.6695
H  0.0  0.929  1.232
H  0.0 -0.929  1.232
H  0.0  0.929 -1.232
H  0.0 -0.929 -1.232

```

Hatua ya 3. Kagua mstari wa #, maana hapo ndipo kazi inapoharibikia. NMR peke yake haikupi J. Lazima SpinSpin iwepo. Wengi huishia hapo wakaacha Mixed, nami naona huko ni kupoteza umeme. Mwanafizikia Norman Ramsey alionyesha mwaka 1953 kwamba J ina sehemu nne, na kwa H-H na C-H iliyo kubwa kwa kawaida ni mgusano wa Fermi, yaani elektroni zilizopo penye kiini chenyewe. Seti za kawaida (fankshoni za kuelezea elektroni, kama 6-311+G(d,p) hapo juu) zimetengenezwa kuhudumia vifungo. Kwenye kiini ni hafifu. Mixed huifungua seti, huiongezea fankshoni kali za kiini, hukokotoa mgusano wa Fermi, kisha hurudi kwenye seti uliyoandika kumalizia sehemu tatu zilizobaki.

Hatua ya 4. Kwenye matokeo tafuta "Total nuclear spin-spin coupling J (Hz)". Shuka mstari wa 6, safu ya 3: hiyo ni trans. Mstari wa 5 safu ya 3 ni cis. D+02 maana yake zidisha kwa 100.

Maswali

*Mwalimu, shikamoo. Yangu imekatika hata haijaanza.*
Marahaba. Angalia mwisho wa faili: baada ya atomu ya mwisho lazima uache mstari mtupu.

*Kaka, molekuli yangu ina atomu 60 na nataka H-H tu.*
Ongeza ReadAtoms ndani ya mabano ya NMR. Chini ya atomu acha mstari mtupu, andika atoms=H, kisha mtupu mwingine.

*Lakini protoni za etheni zote nne ni sawa, spektra ni mstari mmoja. Hiyo 19.1 ilipimwaje?*
Swali zuri. Programu hukokotoa J ya kila jozi, ionekane isionekane. Maabara huvizia molekuli chache zenye kaboni-13 moja: hapo protoni za pande mbili hazilingani tena, na vimistari vidogo vya pembeni ya ule mkubwa hutoa cis na trans.