Jogoo Anayevamia Watu: Chukua Hatua Mapema

Kuku wanaozurura uani, iwe Arua au Kasese hapa Uganda, wanahitaji jogoo mwenye ukali kidogo. Mwewe akitokea, ndiye anayepiga ukelele mitetea na vifaranga wakimbilie chini ya migomba. Tatizo ni jogoo anayemrukia mtoto aliyetumwa kuokota mayai. Mtu mzima atachubuka mguu, lakini kwa mtoto mdogo kucha na vipi, ile miiba ya nyuma ya mguu wa jogoo, vinaweza kufika machoni.

Ukali huu huanza anapobalehe, kwenye miezi 5 hivi. Anashusha bawa moja na kukuzunguka kiubavu, au anadonoa ndoo uliyoshika. Nyumbani watu hucheka. Ni kosa, kwa sababu anakupima.

Usimpige teke, wala usimkimbie. Teke kwake ni jibu la mpinzani, na ukikimbia anajua ameshinda. Simama umtazame, weka ndoo au kipande cha ubao kati yenu, usimpe mgongo mpaka aondoke. Anayelisha kuku avae gambuti. Kama ni lazima kumkamata, ngoja usiku akiwa kichanjani. Mchana mtafukuzana kijiji kizima.

Kisha hesabu majogoo yako. Jogoo 1 anatosha mitetea 8 hadi 12, lakini wafugaji wengi huacha majogoo wote wakue pamoja wakingojea bei. Wanaozidi hupigana kutwa, na mitetea hupandwa mpaka migongo inabaki bila manyoya. Uza wa ziada mara wanapofikia uzito wa soko. Ukibakiza wawili, weka vyombo vya chakula na maji sehemu mbili mbalimbali, na pumba uimwage kwa upana ili mmoja asiimiliki. Kwa Kuroiler, aina ya kuku chotara, ni muhimu zaidi, kwani jogoo wake mzito akikurukia utajua.

Vipi virefu hupunguzwa ncha tu, kwa kusugua na tupa. Usivikate kutoka shinani: ndani mna mfupa na damu. Hata hivyo, tupa inapunguza jeraha, haipunguzi hasira.

Akiendelea kuvamia watu baada ya hayo yote, mimi simbakizi. Achinjwe, au auzwe wa nyama, hasa karibu na Krismasi au Idi wanunuzi wanapotafuta majogoo makubwa. Usimuuzie jirani kama jogoo wa mbegu, kwa kuwa ukali hurithiwa. Atakayechukua nafasi yake mtenge angalau wiki 2 kabla ya kumchanganya na wengine, maana ugonjwa wa mdondo (Newcastle) mara nyingi huingia na kuku mgeni.

Aliyejeruhiwa aoshwe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda. Jeraha la jicho lipelekwe siku hiyohiyo.