Jinsi ya kuchimba historia ya neno "disgust", usije ukaandika "kinyaa" kila mahali

Kuna neno la Kiingereza limenisumbua miaka mingi, "disgust". Shuleni wengi tuliambiwa ni kinyaa, imeisha hiyo, na mi nilishika hivyohivyo mpaka siku natafsiri kipande cha Pride and Prejudice ya Jane Austen, ya 1813, kwa ajili ya kikundi chetu cha kusoma. Ni pale kwenye dansi, Darcy anaingia, mrefu, sura nzuri, kipato cha pauni elfu kumi kwa mwaka, nusu ya usiku watu wanamsifia tu, afu Austen anasema tabia yake "gave a disgust" na upepo wote ukageuka. Nikaandika watu wakamwonea kinyaa. Dada mmoja kwenye kikundi akauliza, samahani kaka, kwani alitapika? Swali lake lilikuwa la haki kabisa, maana Darcy hakufanya uchafu wowote pale, alijisikia tu, hakutaka kucheza na watu wa pale akawa anawaangalia kwa juu. Kinyaa kinatokea wapi sasa?

Tangu siku hiyo neno hili nalifuatilia, na ntakuonyesha navyofanya, maana njia hii utaitumia hata kwa maneno mengine ya chuki na karaha, ila hili ndo tamu zaidi kwa sababu limetembea sana.

Anza kwa kulipasua. "Dis" ni ile ya kukataa au kutenganisha, "gust" inatoka kwenye gustus ya Kilatini, yaani ladha, kuonja. Waingereza hawakulichukua moja kwa moja kutoka Roma, lilipita Ufaransa kwanza likiwa desgoust, leo wanaandika dégoût, likaingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16. Kwa hiyo mwanzo wake ni ulimi, chakula kimefika mdomoni, mdomo umekataa. Hapo usiharakishe kuondoka, zunguka kidogo uwaone ndugu zake. Gusto, ile ya kufanya jambo kwa raha na hamu, ni ndugu yake wa damu. Na ukipanda juu zaidi kwenye mzizi wa kale kabisa ambao wataalamu wameujenga kwa kulinganisha lugha za Ulaya na India, maana yake ilikuwa kuonja na kuchagua, na kutoka mzizi huohuo Kiingereza kikapata "choose". Nilivyoliona hilo nilikaa kimya kidogo aisee, kuchagua na kuona kinyaa vimetoka kwenye jungu moja, anayeonja ndo anayechagua na ndo huyohuyo anayetema.

Vifaa sasa. Kama una simu na bando unaweza kuanza na Etymonline, ni ya bure, kaianzisha Douglas Harper, andika neno itakupa safari yake kwa kifupi. Ukitaka kuzama nenda kwenye kamusi kubwa ya Oxford, ile iliyoanza kutoka vipande vipande 1884 ikakamilika 1928, uzuri wake inakupangia mifano ya matumizi kutoka ya zamani kuja ya sasa, sio maana tu. Onlaini inalipiwa, ila maktaba nyingi za vyuo wana akaunti, we muulize mkutubi usione aibu. Afu fungua kamusi ya Samuel Johnson ya 1755, ipo kwenye intaneti bure, na kwa neno letu hii ndo ufunguo wenyewe. Johnson anatoa maana mbili za "disgust". Ya kwanza ni mdomo kukataa kitu. Ya pili anaweka kununa, nia mbaya, mtu aliyeudhika moyoni. Soma tena hiyo ya pili. Hamna kinyesi, hamna funza, hamna kutapika, ni mtu ameudhika basi. Hiyo ndo "disgust" aliyokua nayo Austen, aliyezaliwa 1775, miaka 20 tu baada ya ile kamusi.

Ukitaka kuhesabu matumizi kwenye vitabu vya zamani kuna Ngram Viewer ya Google, iko tangu 2010, ila ina mtego ambao ulinipotezea siku nzima. Vitabu vya Kiingereza vya kabla ya 1800 hivi vilikuwa na s ndefu, inafanana na f kasoro kile kikatio, na mashine ya kusoma kurasa mara nyingi inaiona f kweli. Kwenye "disgust" s zote mbili ziko katikati ya neno kwa hiyo zote zinachapwa ndefu, matokeo yake neno linaonekana kama "difguft". Ukitafuta "disgust" peke yake utadhani karne ya 18 hawakulipenda neno, halafu linapaa ghafla karibu na 1800, wakati lilikuwepo muda wote limevaa nguo nyingine. Tafuta zote mbili ndo ulinganishe.

Hatua ambayo watu wengi wanairuka ni kuuliza, kabla neno halijaja watu walikuwa wanasema nini? Maana usiniambie Waingereza walikuwa hawaoni kinyaa. Shakespeare, amekufa 1616, hajatumia "disgust" hata mara moja kwenye kazi zake zote, lakini kwenye tamthilia yake ya Hamlet, Hamlet mwenyewe akishika fuvu la Yorick, mchekeshaji aliyemjua utotoni, anasema "my gorge rises at it", yaani koo linapanda, na ukilipeleka kwa mtu wa kwetu atakwambia hapo roho imemchafuka, moyo umemchafuka, imeisha. Angalia ilivyo sawa jamani, wao koo sisi moyo, ila tumbo ni lilelile. Maneno waliyoyategemea wakati huo ni kama "abhor", ambalo ndani yake Kilatini kuna kusisimka na kurudi nyuma, nywele zinasimama, na "loathe", hilo ni lao la asili kabisa tangu Kiingereza cha kale. Hilo "loathe" lina pacha wake bila e ya mwisho, "loath", siku hizi maana yake ni kusitasita tu kufanya jambo, na watu wanavichanganya kila siku hata magazetini, we angalia e. Afu kuna "distaste", ambalo ni wazo lilelile la disgust limejengwa kwa neno lingine la ladha. Yalianza yote mdomoni, moja limebaki la kistaarabu, kutokupendezwa tu, lingine limekwenda mpaka chooni.

Hapo kwenye "loathe" kuna kitu nakipenda sana. Hesabu 21:5, Waisraeli jangwani wamechoka na mana, Biblia ya King James ya 1611 inasema "our soul loatheth this light bread". Fungua Biblia yako ya Kiswahili, ile ya Union, utakuta "nafsi zetu zinakinai chakula hiki dhaifu". Zinakinai! Aliyeliweka neno hilo pale alikuwa anakijua Kiswahili. Kinai ni neno la Kiarabu, huko asili yake ni kuridhika, kutosheka na ulichonacho, kuna mpaka watu wanaitwa hivyo kama sifa, halafu sisi tukalisogeza, mtu akitosheka akaongezwa tena na tena anakinai, chakula kinamgeukia. Yaani kuridhika kumezaa karaha ndani ya neno moja. Kwa hiyo usidhani kutembea kwa maana ni mambo ya Waingereza tu, yako hata hapa nyumbani kwetu, na ukiyajua ya kwako yale yao hayakupi shida.

Sasa njia yangu yenyewe. Kila ukikutana na "disgust" kwenye maandishi usikimbilie kamusi, jiulize neno limekaa kwenye kiungo gani cha mwili. Mdomoni? Tumboni? Kwenye nyongo? Au limepanda kichwani, kwenye haki na dhambi?

Likiwa mdomoni ni chakula kinakataliwa, andika amekinai, au hakipiti kooni. Likiwa tumboni, kuna uchafu, kuna harufu, hapo kinyaa ni chako, na kichefuchefu, tumia kwa amani. Likiwa kwenye nyongo ndo Darcy, na Kiswahili kina msemo umekaa pale kama umepimwa na fundi, kutumbukia nyongo. Mtu alikuwa anapendwa, ghafla hapendwi tena, amewatumbukia nyongo. Nilirudi kwenye ile tafsiri nikaandika hivyo, tabia yake ikafanya awatumbukie nyongo, na yule dada akasema sasa nimemwona huyo mtu. Hakuuliza tena kuhusu kutapika.

Bado kwenye nyongo kuna ile "in disgust" ambayo inakamata wanafunzi wengi mno, "he left in disgust", mtu anaandika "aliondoka kwa kinyaa". Hapana. Mara nyingi huyo amechoka, ameona hamna maana, kakatika moyo na hasira juu. Kiswahili kinasema amesusa. Akasusa akaondoka. Neno moja tu, na hasira yote imo ndani. Kwenye vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, wale waliotokea Zanzibar na Bagamoyo kwenda bara, ukikuta neno hili liangalie kwa makini zaidi, maana kuna wakati ni nyongo, mwandishi ameudhika tu wapagazi wamegoma, na kuna wakati ni tumbo, anawadharau watu na chakula chao, na tofauti hiyo ni kubwa, ukiisawazisha unakuwa umemsafisha mtu au umemchafua mtu bila haki.

Na hiyo ndo inanipeleka kwa Charles Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza. 1872 ametoa kitabu cha jinsi watu na wanyama wanavyoonyesha hisia, akasema "disgust" kwa maana yake nyepesi kabisa ni kitu kinachoudhi ladha, karudi kabisa kwenye mzizi. Afu anasimulia kule Tierra del Fuego, kusini kabisa mwa Amerika, mwenyeji aligusa kwa kidole nyama baridi ya kuhifadhiwa aliyokuwa anakula Darwin, yule mwenyeji akaonyesha wazi kinyaa kwa ulaini wa ile nyama, na Darwin naye akaona kinyaa kwa sababu chakula chake kimeguswa na mtu aliyemwita mshenzi aliye uchi, na mwenyewe anakiri mikono haikuonekana michafu. Nyama ni moja, kila mmoja na kinyaa chake, na cha Darwin hakikutoka kwenye nyama, kilitoka kwenye alivyomchukulia yule mtu. Mi naona kipande hiki kila mwalimu wa Kiingereza angekisoma na darasa. Kinaonyesha neno likiwa mdomoni na kichwani kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo wanasaikolojia wakalidaka. Paul Rozin na April Fallon mwaka 1987 waliandika kwamba hisia hii msingi wake ni chakula, kuogopa kitu kibaya kisiingie mdomoni, halafu inapanuka kwenda kwenye mambo mengine. Ila mwaka mmoja kabla, Anna Wierzbicka, mwanaisimu wa asili ya Poland, alishawakumbusha watu kwamba Kipolandi hakina neno linalolingana sawasawa na "disgust", kwa hiyo usichukue neno la Kiingereza ukasema ndo hisia ya binadamu wote. Mi nipo upande wake. Sisi tuna kinyaa, tuna karaha, tuna chukizo, na havilingani. Karaha imetoka Kiarabu na ndugu yake ni makuruhu, jambo ambalo kwenye dini bora uliache lakini sio haramu, kwa hiyo ina upole fulani. Chukizo limebeba dhambi, "chukizo la uharibifu" la Mathayo 24. Wakati nimewahi kusikia wazee wa pwani wanasema "amechukia" wakimaanisha amenuna tu, kakasirika kidogo, kesho yameisha.

Kwa hiyo kwenye habari za leo, mwanasiasa wa Uingereza akisimama aseme "I am disgusted" kuhusu wizi wa hela za umma, neno liko kichwani, andika nimechukizwa sana, au inatia hasira, usimtapishe bungeni. Na ukiwekewa kazi ya sabutaito za basketi ya Marekani, mtangazaji akapiga kelele "that's disgusting!" mchezaji amemruka mtu na kudanki, anasifia. Sisi tuna hatari, tuna noma, tuna balaa, yote yalianza kuwa mabaya yakaishia kuwa sifa, chagua moja. Pale mi naweka "balaa hili!"