Kabla hujanunua jina la kikoa (anwani ya tovuti) lenye namba ili uliuze baadaye

Tenganisha kwanza namba tupu na namba iliyochomekwa kwenye maneno. Ni biashara mbili tofauti kabisa.

Namba tupu zina bei kwa sababu ni chache: za tarakimu tatu kwenye .com ni 1,000 tu, na zote zilichukuliwa zamani. Soko lake hasa ni China, ambako watu wamezoea anwani kama 163.com. Mwaka 2015 kampuni ya Qihoo 360 ilinunua 360.com kwa dola milioni 17. Huko 8 inapendwa kwa kuwa matamshi yake yanakaribiana na neno la kutajirika, ila 4 inasikika kama kifo, kwa hiyo inashusha bei. Mimi nikiona 4 napita tu. Tarakimu zikizidi tano, mnunuzi wa kubahatisha humpati, labda namba yenyewe iwe na mpangilio wa kuvutia, mfano tarakimu 8 ikijirudia mfululizo.

Sasa hizi za kuchanganya, aina ya "duka4u" au "sabasaba77", ndizo zinazotuponza wengi. Ipime hivi: mpigie mtu simu, mtajie jina mara moja, halafu mwambie aliandike. Akiuliza "hiyo saba ni ya tarakimu au ya herufi?", achana nalo. Atakayelinunua itabidi anunue na lile la herufi, na huenda mtu mwingine keshalichukua. Wewe utabaki unalipia ada kila mwaka.