Mifuko Miwili ya Hospitali na Mmoja wa Nyumbani: Kuandaa Vifaa vya Usafi vya Mama Anayekwenda Kujifungua

Katika hospitali nyingi za umma jijini Dar es Salaam, ndugu anayemsindikiza mjamzito huishia mlangoni mwa leba, na kuanzia hapo ni mkoba tu unaoendelea naye. Atakayeufungua hatakuwa mama yake wala wifi yake aliyeufunga, bali mkunga anayeitwa na wazazi wengine kwa wakati mmoja, au mzazi mwenyewe akiwa amelala ubavu, mkono mmoja umemshika mtoto. Ndiyo maana mpangilio wa vifaa vya usafi una uzito sawa na wingi wake.

Nililiona hili kwa mdogo wangu wa tumbo moja. Tulikuwa tumenunua kila kitu, tena kwa ziada, tukavishindilia vyote katika begi moja kubwa: nguo za mtoto juu, kwa kuwa ndizo zilizotufurahisha kuzipanga, na pedi chini kabisa. Alipojifungua, muuguzi alilazimika kumwaga begi zima kitandani ili apate pedi moja, na vinguo tulivyokuwa tumevifua na kuvipiga pasi vikaangukia penye damu. Tangu siku hiyo, kila ninapomsaidia mwanamke kujiandaa, vifaa nimevigawa katika mifuko miwili, wa leba na wa wodini, na wa tatu hubaki nyumbani ukisubiri.

Mifuko hiyo iwe tayari ifikapo wiki ya 36 ya ujauzito. Uchungu hauulizi kama barabara ya kutoka Mbagala au Kimara ina foleni, na anayeishi Kigamboni hapaswi kuwa anatafuta glovu usiku wakati akiwazia pantoni au daraja.

Anzia kliniki, si dukani

Sera ya afya inaelekeza kwamba huduma za uzazi katika vituo vya umma zitolewe bila malipo, lakini vifaa huweza kupungua, na wajawazito wengi huelekezwa kliniki waje na baadhi yake. Muulize muuguzi wa kliniki ya hospitali ileile unayotarajia kujifungulia, kwa kuwa orodha ya kituo kimoja hailingani na ya kingine. Mara nyingi utatajiwa mpira wa kulalia, jozi kadhaa za glovu, pamba, nyembe mpya na vibana kitovu. Glovu za kuzalishia ni zile zilizotakaswa, zinazouzwa jozi mojamoja ndani ya karatasi iliyofungwa; za boksi, ambazo hazijatakaswa, ni kwa kazi nyingine. Kagua tarehe ya mwisho ya matumizi na uhakikishe karatasi haijatoboka wala kulowana, kwa maana glovu iliyopata unyevu ndani ya pakiti haihesabiki tena kuwa salama. Vifaa hivi nunua duka la dawa. Beseni, ndoo na khanga ndivyo vya kufuata Kariakoo.

Mfuko wa leba

Mfuko huu uwe mdogo na usibebe kitu kisichohitajika katika saa chache za kwanza. Chini weka mpira wa kulalia na vifaa ulivyoagizwa na kliniki. Juu yake weka khanga mbili za rangi nzito kwa ajili ya mama na mbili laini za kumpokelea mtoto, zikiwa zimetenganishwa kwa fundo au kwa mfuko wa kitambaa, ili mkunga asilazimike kukisia. Juu kabisa, mahali ambapo mkono utafika kwanza, weka pedi nne kubwa na chupi mbili. Ninapendelea kuibandika pedi moja ndani ya chupi tangu nyumbani na kuikunja ikiwa tayari. Ni jambo dogo, lakini mwanamke ambaye miguu yake bado inatetemeka hulishukuru.

Khanga ziwe zimefuliwa kabla. Khanga mpya ni ngumu, huchuja rangi, na hainyonyi majimaji vizuri, kwa hiyo ifue mara mbili au tatu, ianike juani na uipige pasi pande zote mbili. Kwa mtoto, khanga ya zamani iliyolainika na iliyo safi ni bora kuliko doti mpya ya fahari. Pasi si ya urembo tu, kwa sababu wako nzi wanaotaga mayai kwenye nguo zinazokauka nje, na joto la pasi huyaua.

Njiani, iwe kwa bajaji au kwa gari, tandika khanga iliyokunjwa mara kadhaa juu ya kipande cha mpira. Chupa, yaani mfuko wa maji yanayomzunguka mtoto tumboni, ikiwa imepasuka, vaa pedi nyeupe, usivae kitambaa cheusi, maana rangi ya maji hayo ni habari ambayo wahudumu wanaihitaji. Kwa kawaida maji huwa hayana rangi au yana uwekundu hafifu. Yakiwa ya kijani au ya kahawia, huenda mtoto amejisaidia tumboni, na jambo hilo liwe la kwanza kusemwa mkifika mapokezi.

Mfuko wa wodini

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida bila matatizo abaki kituoni walau saa 24. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa tatu au nne hata kama haijajaa, ili vijidudu visipate muda wa kuzaliana, na mara nyingi zaidi ikijaa mapema. Hesabu hiyo inakupeleka kwenye pedi sita hadi nane kwa siku, na siku ya kwanza huzidi. Mimi hufungasha 20 kwa anayetarajia kujifungua kawaida, na 30 au zaidi kwa aliyepangiwa upasuaji, ambaye atalazwa siku kadhaa. Chagua pedi nene, ndefu, zisizo na manukato, kwa sababu manukato huwasha penye mshono. Pamba peke yake haifai kuvaliwa, maana nyuzi zake hunasa kwenye kidonda. Ikibidi kuitumia, izungushie shashi kwanza. Pedi za kuingiza ndani ya uke zisitumike kabisa katika wiki sita za mwanzo.

Gharama yake si ndogo, na sitajifanya siioni. Kodi ya Ongezeko la Thamani iliyoondolewa kwenye taulo za kike mwaka 2018 ilirejeshwa mwaka 2019, uamuzi ambao hadi leo unaniuma, kwa kuwa damu ya uzazi si anasa ya mtu. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kununua pakiti moja kila wiki mbili tangu mwezi wa sita wa ujauzito na kuihifadhi mahali pakavu.

Pamoja na pedi, weka chupi tano au sita za pamba zinazozidi saizi yako ya kawaida, taulo la rangi nzito, kipande cha sabuni isiyo na harufu kali, tishu, ndala za kuogea, na sidiria mbili za kunyonyeshea zikiwa na vitambaa laini vya kuzuia maziwa yasilowanishe nguo. Usisahau kibirika cha plastiki, kile kile tunachotumia chooni majumbani. Wakati wa kukojoa baada ya kujifungua, mkojo huchoma kwenye michubuko na mshono wa msamba. Ukimimina maji ya uvuguvugu taratibu huku ukikojoa, maumivu hupungua na sehemu husafika bila kusuguliwa. Kisha kausha kwa kugusagusa kwa tishu au kitambaa safi, ukianzia mbele kwenda nyuma, wala usirudi ulikotoka. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika pedi mpya na baada ya kuitoa iliyotumika.

Nguo chafu zinahitaji chombo chake. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na mifuko mbadala tunayotumia sasa hupitisha majimaji, kwa hiyo ndoo ndogo yenye mfuniko ndiyo inayofaa. Anayekuja saa ya kuona wagonjwa huondoka na ndoo ya khanga chafu na kuacha nyingine tupu pamoja na khanga safi. Pedi zilizotumika hazirudi nyumbani wala hazitupwi chooni: muulize muuguzi ni pipa lipi la taka zenye damu.

Hesabu pedi zako

Katika saa za mwanzo baada ya kujifungua, hatari kubwa ni damu kutoka kupita kiasi, nayo kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida huhesabiwa kuwa imepita kiasi ikifika mililita 500. Hakuna mzazi anayeweza kupima mililita akiwa kitandani, lakini kila mmoja anaweza kuhesabu pedi. Andika kwenye simu, au mwambie jirani wa kitanda akukumbushe, saa uliyobadilisha na jinsi pedi ilivyolowa. Pedi nene iliyolowa chepe ndani ya saa moja, au bonge la damu linalozidi yai la kuku, ni jambo la kumwita muuguzi papo hapo, hata kama umeshamwita mara mbili na unaona haya. Sisi wanawake wa Pwani tumefundwa kuificha damu, na katika mambo mengine ni adabu njema. Wodini, damu iliyofichwa inaweza kuua.

Ukipangiwa upasuaji

Wapo wanaodhani kwamba aliyefanyiwa upasuaji hatoki damu ukeni. Hutoka, kwa kuwa kidonda lilipokuwa limeshikamana kondo la nyuma kipo vilevile. Chupi zake ziwe za kufika juu ya kitovu ili ukanda usikae kwenye mshono, na magauni yawe ya kufunguka mbele. Kidonda kibaki kikavu kama utakavyoelekezwa, na kisikandwe wala kupakwa chochote ambacho hakikutoka kwa wahudumu.

Mfuko unaobaki nyumbani

Damu ya uzazi huwa nyekundu kwa siku tatu au nne, kisha huelekea rangi ya waridi au kahawia, na baadaye huwa ute wa manjano au mweupe unaoweza kuendelea hadi wiki ya sita. Andaa pedi za wiki mbili angalau. Baadaye, vitambaa vya kufua vinatosha iwapo vinafuliwa kwa sabuni, kukauka juani kabisa na kupigwa pasi. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, nguo huweza kushinda siku mbili kambani bila kukauka. Anayejifungua miezi hiyo aongeze khanga mbili na pakiti mbili za pedi. Khanga yenye damu hulowekwa kwanza kwa maji baridi, maana ya moto huigandisha damu kwenye uzi, na anayeifua avae glovu, awe nani na damu iwe ya nani.

Kuhusu kukandwa, najua bibi zetu hawatakubali mzazi aachwe hivi hivi. Maji ya uvuguvugu ya kuogea na kujisafishia nje hayana ubaya, na mikono ya mama inayomhudumia mzazi ni tiba kwa namna yake. Maji yanayochemka yameunguza wazazi, nayo yakataliwe kwa heshima. Dawa za kuulia vijidudu, ndimu na mitishamba visiingizwe ukeni.

Mahudhurio ya baada ya kujifungua hayangoji arobaini: ya kwanza ni ndani ya saa 48, yafuatayo huanzia wiki ya kwanza, na kuna lile la siku ya 42. Lakini usisubiri tarehe ya kadi ikiwa damu iliyokwisha kufifia imerudi kuwa nyekundu na nyingi, ikiwa ina harufu mbaya, ukipata homa, maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na macho kuona ukungu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Namba ya dharura ya usafiri wa wazazi na watoto wachanga, 115, iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa juu ya mfuko huo wa tatu, pamoja na namba ya dereva mnayemwamini. Mkiondoka kwenda hospitali kwa ajili ya damu, ifungeni pedi iliyolowa ndani ya kopo lenye mfuniko mwende nayo, ili daktari aione kwa macho yake.